Mbuzi wa Bwana Lothar

Msomaji aliyeniacha juma lililopita nimeshika kamba ya mbuzi mlangoni mwa kampuni ya Kijerumani, huko Al-Sulay jijini Riyadh, asidhani kwamba kamba ile niliiachia kwa hiari yangu. Nilinyang'anywa.

Anayenisoma leo kwa mara ya kwanza anastahili kunijua. Mimi ni Mwalimu Justus, mwalimu mkuu mstaafu kutoka Kitui. Katika utumishi wangu niliwafukuza walimu wawili waliopokea kuku kutoka kwa wazazi majira ya mitihani, na sikupoteza usingizi.

Mjukuu wangu Mueni anasomea uhandisi wa mitambo katika chuo kikuu. Mwaka huu wa 2015 aliteuliwa kufanya mafunzo ya kiangazi katika kampuni ya Kijerumani inayotengeneza lifti. Nilisimama kanisani nikatangaza kwamba mjukuu wangu anakwenda Ujerumani. Tulimwombea, tulikula, tulipiga picha. Ndipo tikiti ikaja, na mahali pa kushukia palikuwa Riyadh.

"Babu, kampuni ndiyo ya Kijerumani," Mueni alinieleza. "Lifti zenyewe zinafungwa Saudia. Atakayefanya vizuri kiangazi hiki atapelekwa Ujerumani kwenyewe mwezi wa Oktoba, akamalizie masomo huko."

Kwa hiyo sikuwa nimesema uongo kanisani. Nilikuwa nimewahi tu.

Nilisafiri naye, kwa viza ya kumtembelea binti yangu Rispah, ambaye ni muuguzi Riyadh. Uwanjani Nairobi tulipangwa foleni moja na wasichana waliovaa fulana za rangi moja, waendao kufanya kazi za nyumbani. Wakala wao alimtupia Mueni fulana.

"Huyu ni mhandisi!" nikamwambia.

"Hata hawa wengine wana vyeti, mzee," akanijibu. "Avae tu, asipotee."

Hayo yamepita. Nilipofika Riyadh nilifanya jambo ambalo mzee yeyote wa kwetu angelifanya. Mtoto akipokewa na bwana mpya, mkubwa wake huenda kushukuru, na haendi mikono mitupu. Nilinunua beberu mweupe katika soko la mifugo. Nilimvisha tai yangu ya kijani, ili ajulikane kwamba ametoka kwa watu. Nikampeleka kwa Bwana Lothar, msimamizi wa Mueni.

Sasa tuendelee.

Bwana Lothar, Mjerumani mrefu mwenye nywele nyeupe, alitoka ofisini. Alimtazama mbuzi. Alinitazama mimi. Alimtazama mbuzi tena, na nadhani ni ile tai iliyomtatiza.

"Hii ni nini?" akauliza.

"Ni shukrani," nikamjibu kwa Kiingereza safi nilichofundishwa na wamishenari.

"Shukrani ya nini?"

"Ya kumpokea mtoto wangu, Mueni."

"Na mimi natakiwa nimfanyie nini mtoto wako?"

"Umfundishe vizuri, afaulu, afike Ujerumani."

Hapo alirudi nyuma kama mtu aliyemwona nyoka. Aliinua mikono yote miwili juu, akawaita makarani wawili, waliokuwa wakitusikiliza dirishani tangu mwanzo, washuhudie kwamba hajaigusa kamba. Mlinzi mmoja akaninyang'anya kamba hiyo, mbuzi akaongozwa kwenda ghalani.

Mueni alishuka ngazi mbio kutoka chumba cha wachoraji, abaya yake ikipepea nyuma yake.

"Babu! Si nilikwambia? Siku ya kwanza kabisa tulifundishwa habari ya zawadi. Hairuhusiwi kumpa msimamizi kitu kinachozidi kalamu!"

"Uliniambia habari ya kitu. Mbuzi si kitu."

"Babu, wenzetu hawa wanaiita rushwa."

Nimeitwa mengi maishani. Mkali, nimeitwa. Bahili, nimeitwa. Lakini mtoa rushwa, tena na mtoto niliyemfundisha mwenyewe kusoma na kuandika! Niliomba maji. Wakaniletea, na nikaona yule karani akisita, kana kwamba naye anajiuliza iwapo glasi ya maji inazidi kalamu.

Kabla ya jua kutua, habari ilikuwa imefika Ujerumani. Mueni alisimamishwa kazi. Kikao kingefanyika katika ofisi kuu ya Jeddah baada ya Idi, na mkaguzi angewasikiliza wote kwa video kutoka Ujerumani. Mueni akionekana na hatia, angerudishwa nyumbani kwa ndege ya Alhamisi inayofuata, na Ujerumani ingebaki pale pale ilipo kwenye ramani.

Kulikuwa na tumaini moja. Mkaguzi alikuwa mama muungwana. Alimwambia Mueni hivi: mbuzi akirudishwa kwa babu mbele ya kamera, akiwa mzima, jambo litahesabiwa kuwa ni kutoelewana kwa mila, na Mueni atapewa onyo tu.

Kwa hiyo maisha ya mjukuu wangu yalitegemea mbuzi, na mbuzi alifungiwa ghalani pamoja na vipuri vya lifti. Humo alimwona mbuzi mwenzake katika vioo vya lifti, akapigana naye siku nzima, akavunja vioo viwili.

Siku ya pili, nikiwa tena mlangoni mwa kampuni, akaja Abu Yassir. Huyu ndiye Msaudia mbia wa kampuni, na ndiye kafili, yaani mdhamini wa viza, wa wafanyakazi wote, Wajerumani wakiwemo.

"Ustadh," akaniambia, "wewe ndiye uliyemletea mgeni wangu mbuzi?"

"Ndimi."

"Naye amekataa?"

"Amekataa."

Alijishika kichwa. "Aibu! Mzee mwenye mvi analeta mbuzi kwa mkono wake, anarudishwa mlangoni? Aibu iko juu yangu mimi! Halas, yamekwisha, ustadh. Nenda nyumbani ukapumzike. Jambo hili niachie mimi."

Nilikwenda nyumbani nikapumzika. Sijawahi kupumzika kwa hasara namna ile.

Idi ikaja, ikapita. Tulisafiri kwenda Jeddah kwa gari la kampuni, mimi, Mueni, na dereva Titus, kijana wa Machakos aliyezoea kuendesha lori kati ya Al-Sulay na Jeddah. Safari ni ndefu na jangwa ni jangwa. Sina la kuongeza.

"Titus," nikamuuliza, "mbuzi wangu yuko wapi?"

"Mwalimu, huyo nilimpakia mimi mwenyewe. Bosi aliniambia, yalla, mpeleke nyumbani kwangu Jeddah, hapa atakufa na joto. Nikampandisha nyuma na milango ya lifti."

"Alifika salama?"

"Salama kabisa. Na tai yake. Pale kwa kizuizi askari alichungulia nyuma, akaniuliza kama huyo ndiye meneja."

Mueni alicheka, kwa mara ya kwanza tangu asimamishwe. "Basi yuko Jeddah. Babu, atarudishwa kwako mbele ya kamera, utashika kamba, tutamaliza."

"Alikuwa Jeddah," alisema Titus.

"Mbona unasema alikuwa?"

Titus akaongeza sauti ya redio.

Abu Yassir alituagiza tupite kwanza nyumbani kwake tule chakula cha mchana, kisha twende kikaoni. Mueni aliingizwa upande wa wanawake. Mimi niliketishwa barazani na wazee wenzangu, nikapewa kahawa na tende. Lakini masikio yangu yalikuwa uani. Mtu aliyekulia Kitui humtambua mbuzi kwa sauti, na uani palikuwa kimya.

Niliomba ruhusa kwenda kunawa. Nikazunguka nyuma ya nyumba, nikajikuta mlangoni mwa jikoni. Mwanamke wa makamo, kitambaa kichwani, alikuwa akimenya vitunguu saumu.

"Babu, huku ni kwa wanawake! Umepotea?" Aliniambia hivyo kwa Kiswahili, bila kusita, kwani koti langu la suti katika joto lile lilimtosha kujua kwamba nimetoka kwetu.

"Sijapotea. Namtafuta mbuzi wangu."

"Mbuzi gani?"

"Mweupe. Mwenye tai ya kijani."

Aliweka kisu chini. "Woi! Kumbe ni wewe mwenye hiyo mbuzi ya tai!"

Jina lake ni Damaris, wa kutoka Kakamega, mpishi wa nyumba ile. Yeye naye alipita katika foleni ya fulana, mwaka juzi.

"Yuko wapi?" nikamuuliza.

"Babu, keti kwanza."

"Nimeuliza yuko wapi."

"Iliisha Idi."

"Iliisha namna gani?"

"Na wali."

Nilikaa juu ya gunia la mchele. Huenda lilikuwa la mchele uleule.

"Nani alimla?"

"Wageni. Bosi aliita watu wa kampuni. Kulikuwa na mzungu mrefu, nywele nyeupe yote. Babu, huyo mtu anakula! Mguu mzima peke yake. Supu, kikombe kilirudi huku jikoni mara mbili kuongezwa, mtoto akisema ni ya mzungu."

"Bwana Lothar?"

"Huyo huyo. Bosi alikuja hapa mlangoni anacheka mpaka machozi. Akasema, sasa zawadi ya ustadh imefika kwa mwenyewe."

"Na Lothar, alijua anakula nini?"

"Ajue aje? Si aliambiwa tu ni mbuzi ya Idi. Alisema ni tamu kushinda ya kwao." Akafuta mikono. "Lakini usihuzunike sana, babu. Hiyo mbuzi iliishi vizuri. Ilipumzika kwa store siku kadhaa bila kazi. Mimi huu mwaka wa pili sijapata hata Ijumaa moja."

Alifungua droo, akanitolea tai yangu, imefuliwa na kupigwa pasi. Ilinukia iliki.

Nilirudi barazani nikamvuta Abu Yassir kando.

"Mheshimiwa, mbuzi wangu amechinjwa."

"Alhamdulillah! Wamekueleza alivyokuwa mtamu?"

"Mkaguzi anataka kumwona mzima!"

"Ustadh, ulimletea Lothar mbuzi. Lothar amemla. Deni lako la heshima limekwisha. Nani anarudisha mbuzi?"

"Basi tukifika kikaoni useme hivyo hivyo."

Uso wake ukabadilika. "Mimi nitaje mbele ya watu mgeni wangu amekula nini nyumbani kwangu? Hata polisi wakiniuliza sitasema. Hiyo ndiyo aibu yenyewe."

Alikuwa ameshika kifua alipokuwa akisema hivyo, na niliona kwamba ni mtu mwadilifu kabisa. Hapo ndipo nilipoogopa.

Nilimweleza Mueni habari yote katika ujia wa ofisi, tukisubiri kuitwa. Alisikiliza huku amefumba macho.

"Alikula mguu mzima?" akauliza.

"Na supu mara mbili."

"Babu, Bwana Lothar akijulikana amekula, atafukuzwa kazi. Na yeye ndiye anayepasa kuthibitisha kwamba nimefuzu."

"Na asipojulikana?"

"Basi mbuzi hayupo. Nitakuwa nimetoa rushwa, halafu nikaficha ushahidi. Alhamisi niko uwanja wa ndege." Akafungua macho. "Usiseme chochote. Ukiulizwa jina, taja jina. Mengine niachie mimi."

"Mueni, mtu wa mwisho kuniambia nimwachie yeye alimpika mbuzi."

"Babu, tafadhali."

"Nikiulizwa nitasema kweli. Unanijua."

"Nakujua," akasema. "Ndiyo maana naogopa."

Tukaitwa.

Chumba kilikuwa baridi kama machinjio. Bwana Lothar aliketi upande mmoja wa meza, shati limenyooka. Abu Yassir aliketi upande wa pili na tasbihi yake. Juu ya ukuta, katika kioo kikubwa cha video, alikuwa yule mama mkaguzi, mwenye miwani na sauti ya upole. Aliniuliza jina. Nikalitaja. Akamgeukia Bwana Lothar.

"Bwana Lothar, mnyama huyu aliletwa kwako?"

"Aliletwa, nami nilimkataa papo hapo. Nina mashahidi."

"Je, baada ya hapo ulinufaika naye kwa namna yoyote?"

"Kwa namna yoyote ile, hapana," akasema Bwana Lothar, amenyoosha mgongo. "Hata unyoya wake sijaugusa."

Katika maisha yangu ya ualimu nimewasikiliza waongo wengi. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumsikia mtu akisema uongo mkubwa namna ile kwa moyo mweupe kabisa. Abu Yassir alitazama dari. Punje za tasbihi yake zilikimbia.

"Vizuri sana," akasema mkaguzi. "Basi tulimalize jambo hili. Naomba mbuzi aletwe mbele ya kamera akabidhiwe Mzee Justus."

Hakuna aliyesogea.

"Naelewa kwamba alihamishiwa Jeddah kwa sababu ya joto," akasema mkaguzi. "Yuko wapi?"

Abu Yassir alikaa kimya, kama alivyoapa. Bwana Lothar alimtazama Abu Yassir, kisha akanitazama mimi, kwa udadisi wa mtu asiye na la kuficha. Nami nilikwisha weka mikono juu ya meza ninyanyuke. Nilikuwa na sentensi yangu tayari, fupi, yenye kiima na kiarifu chake: yuko tumboni mwa Bwana Lothar.

Mueni alinitangulia kusimama.

"Naomba kusema, mama. Kumekuwa na kosa tangu mwanzo. Yule mbuzi hakuwa wa Bwana Lothar. Babu alininunulia mimi, tusherehekee nyumbani kwa shangazi yangu Rispah. Alipita kazini kunionyesha, basi. Abu Yassir kwa wema wake alituhifadhia, akaturudishia, tukamla siku ya Idi."

Tasbihi ikasimama.

Mkaguzi alivua miwani. "Lakini makarani wawili wameeleza kwamba babu yako alisema ni shukrani kwa Bwana Lothar, ili ufaulu."

"Ndiyo, mama. Alisema hivyo." Hakunitazama. "Babu yangu ni mzee wa kijijini. Kiingereza hakielewi vizuri. Siku ile alikuwa akijibu asichoulizwa, na tangu hapo ameona haya kukiri."

Msomaji, nilifundisha Kiingereza darasa la nane. Watoto niliowafundisha leo ni mawakili na maaskofu. Kuna hakimu mmoja ambaye hadi leo hunipigia simu kuniuliza mahali pa kuweka koma.

"Hilo likithibitishwa," akasema mkaguzi polepole, "hakuna zawadi, hakuna rushwa, na hakuna kesi. Mafunzo ya binti yataendelea kesho asubuhi, na safari yake ya Oktoba inabaki palepale."

Bwana Lothar alishusha pumzi, akatabasamu. Akamtazama Mueni kwa huruma ya kweli, huruma anayopewa mtoto mwenye mzee wa namna ile nyumbani.

Mkaguzi akajisogeza karibu na kamera hadi uso wake ukajaa kioo. Akaniinulia sauti, na maneno akanitamkia moja moja, kama anayemlisha mtoto uji.

"Mzee. Justus. Usiogope. Mbuzi. Alikuwa. Wa nani?"

Wote walinigeukia. Mueni alikuwa bado amesimama, macho yake sakafuni, vidole vimeshika ukingo wa meza hadi kucha zimekuwa nyeupe.

Nilisimama, kwa sababu mimi hujibu nikiwa nimesimama. Ilibaki njia moja tu ya kumfikisha mjukuu wangu Ujerumani: niseme uongo, na niuseme kwa Kiingereza kibovu.

Nikakohoa. Nikafungua kinywa.